Mdogo wangu alianguka mnazini: je, kinga yake inamla au imemkimbia?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mkazi wa Pangani na ninakuandikia kwa niaba ya mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, ambaye kazi yake ilikuwa ukwezi. Miezi saba iliyopita aliteleza akiwa juu ya mnazi akiangua nazi, akatua kwa mgongo, na tangu siku hiyo hana hisia wala nguvu kuanzia usawa wa chuchu kwenda chini. Alifanyiwa upasuaji wa kukaza mifupa, akakaa wodini wiki tisa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mpira wa mkojo, kiti mwendo cha msaada, na karatasi inayosema kwamba jeraha lake ni la T4 na ni kamili.

Binamu yetu anayesomea uuguzi alitueleza kwamba kilichomharibu si anguko peke yake. Alisema chembe nyeupe za damu zilikimbilia kwenye jeraha zikala hadi sehemu zilizokuwa nzima. Tangu asikie maneno hayo mdogo wangu amekuwa mtu mwingine. Hasemi na mtu, na akisema ni kuniambia kwamba mwili wake mwenyewe ndio uliomgeuka na kwamba bado unaendelea kumla.

Lakini papo hapo anaugua kila mara kama mtu asiye na kinga kabisa. Mkojo umemsumbua mara nne, kichomi kilimrudisha hospitali siku kumi na moja, na ana kidonda cha makalio kisichotaka kufunga. Jirani anayeuza virutubisho anasema kinga imeshuka na tununue chupa ya shilingi 85,000 kila mwezi ili kuipandisha. Mwenye duka la dawa, kinyume chake, anashauri achomwe sindano za steroidi ili kinga ipoe iache kumla. Juu ya hayo ametokea wakala wa kliniki moja ya ng'ambo anayeahidi matibabu ya seli shina kwa shilingi milioni 38, na wazee wameanza kuzungumza habari ya kuuza shamba la minazi.

Naomba unisaidie: kinga ya mdogo wangu ni kali mno au ni dhaifu mno? Tuipandishe au tuishushe? Na ingawa sijui kama lina uhusiano, kuna jioni nyingine kichwa humgonga ghafla, uso humwiva na kutoka jasho jingi huku miguu yake ikiwa ya baridi. Tumempa dawa ya malaria mara tatu, ingawa kipimo hakikuonyesha kitu.

Dada wa Mkwezi, Pangani

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni sana nyote. Nitaanza na jambo uliloliweka mwishoni kana kwamba halina uzito, kwa sababu kati ya yote uliyoyaandika, hilo la kichwa na jasho ndilo linaloweza kumwondoa mdogo wako ghafla.

Herufi T ni pingili za kifua, zinazohesabiwa kutoka juu kwenda chini, na "kamili" maana yake hakuna hisia wala nguvu iliyobaki chini ya jeraha. Mtu aliyeumia kwenye usawa wa T6 au juu yake, na T4 ya mdogo wako iko juu yake, anaweza kupandwa na presha kwa dakika chache tu pale kitu chochote kinapousumbua mwili chini ya jeraha, hata kama yeye mwenyewe hakihisi: kibofu kilichojaa kwa sababu mpira umejikunja, choo kigumu, kidonda, ukucha uliojichimbia nyamani, au mkanda wa suruali uliobana. Habari ya usumbufu huo hupanda hadi kwenye jeraha na kukwama hapo. Neva zilizo chini ya jeraha huitikia kwa kuibana mishipa ya damu, na ubongo, ambao kwa mtu mzima wa afya ungetuma amri ya kuilegeza, hauna njia ya kuifikisha amri hiyo. Ndiyo maana uso unaiva na kichwa kinagonga huku miguu ikiwa ya baridi. Hali hiyo ikiachwa inaweza kumletea kiharusi.

Ikitokea tena, msimlaze. Mketisheni wima, miguu ining'inie, mlegeze kila kinachombana, kisha mfuate mpira wa mkojo kwa macho na mikono kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko, mkitafuta mahali ulipojikunja au kuziba. Presha ipimwe kila baada ya dakika chache, na kama haishuki au chanzo hakionekani, mpelekeni hospitali upesi akiwa ameketi hivyohivyo. Mkifika mwambieni mhudumu kiwango cha jeraha lake na presha yake ya siku zote. Nasisitiza hili kwa sababu watu wenye jeraha la juu namna hii mara nyingi huishi na presha ya chini, ile namba ya juu ikiwa kati ya 90 na 110, kwa hiyo 145, ambayo muuguzi mwenye haraka anaweza kuiona si ya kutisha, kwake yeye ni hatari. Dawa za malaria pasipo kipimo kuonyesha malaria ziacheni. Jambo hili la presha nitalirudia, kwani limeshikamana na swali lako la kinga kuliko unavyodhani.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja kuhusu lugha yetu. Tumezoea kusema "uti wa mgongo" tukimaanisha mifupa, tukimaanisha kile kilicho ndani ya mifupa, na tukitaja hata homa inayoshambulia utando wa ubongo. Kilichoumia kwa mdogo wako ni ugwe mgongo, yaani ule ugwe laini wa neva unaopita ndani ya pingili. Mifupa ilikazwa kwa vyuma na imeshaunga, lakini ugwe hauungi kama mfupa, na familia nyingi hukaa miezi zikisubiri "uti upone" kwa sababu hakuna aliyewatofautishia vitu hivyo viwili.

Sasa nije kwa binamu yenu, ambaye hakusema uongo ila aliishia katikati ya somo. Pingili zinapouponda ugwe, neva nyingi hufa palepale. Baada ya hapo huanza uharibifu wa pili: damu inavuja, mishipa midogo inaziba, seli zinavimba, na kinga inaamka. Wa kwanza kuamka ni wenyeji, yaani mikroglia, seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo na ugwe maisha yote, nao hubadili umbo na kuanza kazi ndani ya saa chache. Katika siku ya kwanza huingia nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, kutoka kwenye damu, zikiwa zimebeba vimeng'enya na kemikali kali ambazo zimeumbwa kwa ajili ya kuua vijidudu. Kwenye ugwe uliopondwa hakuna vijidudu vya kuua, kwa hiyo ukali huo huangukia seli zilizokuwa zimenusurika. Kuanzia siku ya pili au ya tatu hufuata makrofaji, chembe nyeupe kubwa zinazomeza mabaki, ambazo kwa panya wa maabara hufikia wingi wa juu yapata siku ya saba, na pamoja nazo huja limfosaiti, chembe nyeupe za kundi linalotengeneza kingamwili. Kwa binadamu mpangilio unafanana, ingawa limfosaiti huonekana chache kuliko zinavyoonekana kwa panya.

Kazi ya makrofaji ni kula mabaki, na mabaki yenyewe ni mengi mno, hasa mielini, ule utando wa mafuta unaoifunika neva. Kidole kikikatika neva, makrofaji hula mabaki hayo, humaliza na kuondoka. Ndani ya ugwe hali ni nyingine: zinajaa mafuta hadi zinaonekana kama povu chini ya hadubini, hazifaulu kuyameng'enya vizuri, na nyingi hubaki palepale kwa miezi, zikiendelea kutoa kemikali za uvimbe. Binamu yenu alikuwa akizungumzia jambo hili, na ni kweli kwamba mwaka 1999 watafiti wa Ohio, Marekani, walipopunguza makrofaji zinazotoka kwenye damu za panya waliojeruhiwa, panya hao walitembea vizuri kidogo kuliko wenzao.

Hata hivyo, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval huko Quebec, Kanada, waliwaondolea panya wengine mikroglia, wale wenyeji niliowataja kwanza, na matokeo yakawa kinyume. Jeraha lilitapakaa, seli za kinga kutoka kwenye damu zilisambaa ovyo, neva nyingi zaidi zilikufa, na panya walipona vibaya zaidi. Ilionekana kwamba mikroglia hujipanga kuzunguka jeraha, huzichochea seli za jirani ziitwazo astrosaiti zijenge kovu, na kovu hilo huwa kama ua unaozuia moto usifike kwenye sehemu nzima. Mwaka uliofuata, watafiti wa Boston walionyesha kwamba kwa panya wenye umri wa siku mbili tu mikroglia huliunga jeraha pasipo kuacha kovu na neva hupita tena, uwezo ambao panya hupoteza akikua. Kwa hiyo seli zilezile hubomoa na hulinda, na tofauti hutokana na ni zipi kati yao, zimefika saa ngapi, na zimekaa muda gani. Mtu akikuambia kwa jumla kwamba "kinga ilimla", amekuambia nusu, na nusu hiyo imemuumiza mgonjwa wenu bure.

Haya, na udhaifu unatoka wapi? Hapa ndipo panaponivutia zaidi katika habari hii yote, nawe univumilie nikikaa kidogo. Kinga haifanyi kazi peke yake kama askari waliotupwa porini. Bandama, ambayo ni mojawapo ya kambi kuu za limfosaiti, imeunganishwa na ugwe kwa neva, na tezi zilizo juu ya figo, zinazotoa homoni za msukosuko, zimeunganishwa vilevile. Neva hizo huchomoza sehemu ya kifua ya ugwe, nyingi zikiwa chini ya pale alipoumia mdogo wako. Jeraha likiwa juu, bandama na tezi hizo hubaki zikiongozwa na ugwe usio na msimamizi. Mwaka 2007 watafiti wa Ohio walionyesha kwamba panya waliojeruhiwa kwenye T3 walishindwa kutengeneza kingamwili (protini za kupambana na vijidudu) za kutosha, ilhali waliojeruhiwa chini zaidi, kwenye T9, hawakupata tatizo hilo. Mwaka 2013 kundi hilo likaonyesha jambo linalotugusa sisi moja kwa moja: kila mara panya wa jeraha la juu alipopandwa na ile presha ya ghafla, homoni zilizomwagika ndani ya bandama ziliua limfosaiti, na mashambulizi yalivyozidi kurudi, kinga ilizidi kudhoofu. Watafiti wa Berlin nao wamefuatilia wagonjwa kwa miaka mingi na kueleza udhaifu huu kama ugonjwa unaojitegemea, unaotokana na jeraha lenyewe wala si uzembe wa mgonjwa au chakula duni.

Basi jibu la swali lako ni kwamba kinga ya mdogo wako ilikuwa kali mahali pamoja, ndani ya ugwe, hasa katika wiki za mwanzo, na ni dhaifu mahali pengine, kwenye damu, mapafu na kibofu, na yote mawili yametokana na anguko moja. Kinga si maji ya mtungi, kwamba yamepungua uongeze au yamezidi umwage. Sisi ambao tulijifunza habari za kinga wakati wa UKIMWI, kwa kuhesabu askari wa mwili wamepanda au wameshuka, tumebaki na picha hiyo ya mtungi, na wauza chupa wanaitumia vizuri sana. Virutubisho vya jirani yenu haviwezi kuirudishia bandama neva zake. Shilingi 85,000 za kila mwezi zinunueni mayai, dagaa, samaki na maharage, kwa sababu kidonda hakifungi bila protini, na kinachobaki kinunue mipira ya mkojo.

Kuhusu steroidi, jibu langu ni hapana bila kusita. Dawa inayotajwa katika majeraha haya ni methiliprednisoloni, ambayo ilipata umaarufu mwaka 1990 baada ya utafiti mkubwa wa Marekani kudai kwamba ikianza kutolewa ndani ya saa 8 tangu ajali huleta nafuu ndogo. Madai hayo yamebishaniwa tangu wakati huo. Mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani wa mwaka 2013 ulipendekeza isitumike, na mwongozo mwingine wa kimataifa wa mwaka 2017 uliiacha kama hiari ya daktari, lakini ndani ya saa hizohizo 8. Hakuna popote inapopendekezwa kwa mtu wa miezi saba. Kwa kijana mwenye kinga dhaifu, kidonda wazi na historia ya kichomi, sindano hizo zingekuwa kuwafungulia mlango vijidudu, na mwenye duka anayezitoa bila cheti cha daktari anavunja pia masharti ya kazi yake.

Mahali mnapoweza kuisaidia kinga yake ni kwenye milango ambayo vijidudu huingilia, na wa kwanza ni mkojo. Mwulizeni daktari kama anaweza kuachana na mpira wa kukaa na badala yake ajitoe mkojo mwenyewe kwa katheta safi, yaani mpira mwembamba unaoingizwa na kutolewa, kila baada ya saa nne hadi sita. Mikono yake ni mizima, na kwa wengi njia hii hupunguza maambukizi pamoja na ile presha inayoletwa na mpira ulioziba. Lipo kosa ambalo nyumba nyingi hulifanya, nalo ni kupima mkojo kila mwezi na kunywa antibayotiki kila vijidudu vinapoonekana. Mtu anayetumia katheta karibu siku zote ana vijidudu kwenye mkojo, na kama hana homa, misuli haikakamai kuliko kawaida, wala hajisikii vibaya, havihitaji dawa. Dawa hizo zikitumika ovyo huvifundisha vijidudu ukaidi, na siku ya maambukizi ya kweli hakuna itakayofanya kazi. Homa nayo isingojewe kama ishara pekee, kwa maana mwili wake hauendeshi joto kama zamani.

Kichomi kilimpata kwa sababu misuli ya mbavu na ya tumbo haimpi nguvu ya kukohoa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo awafundishe namna ya kumsaidia kukohoa kwa kusukuma chini ya mbavu wakati anapotoa pumzi, awape mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu, na mwulize hospitalini kuhusu chanjo ya nimokoka, kijidudu kinacholeta kichomi, na ya mafua. Mapafu haya yana thamani kubwa: mwaka 2012 watafiti wa Berlin walipochambua kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani waliona kwamba waliopata nimonia (kichomi) au maambukizi ya kidonda katika kipindi cha mwanzo walirudisha nguvu kidogo kuliko wenzao.

Kidonda cha makalio mnakifahamu. Ageuzwe kila saa mbili kitandani, ajiinue kwenye kiti mwendo kila baada ya dakika 15 hadi 30, asikalie kile kidonda hata kidogo mpaka kifunge, na kikitoa harufu au mfupa ukionekana arudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Kumbuka pia kwamba kidonda hicho kinaweza kuwa ndicho kinachopandisha presha yake jioni.

Nimebakiza shamba na zile seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Matibabu ya kutia seli kwenye ugwe yamewahi kujaribiwa. Mwaka 1998 wanasayansi wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli waliwatia panya makrofaji zilizoandaliwa maabara zigeuke kuwa za kutibu, na baadhi ya panya waliokuwa wamepooza miguu wakaanza kuisogeza. Lilikuwa wazo la heshima, lililotokana na sayansi ya kweli ya seli hizihizi tunazozizungumzia. Lilipojaribiwa kwa wagonjwa 43, wengine wakipewa seli na wengine wakipata huduma ya kawaida, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha faida yoyote ya waliopewa. Hao walikuwa wagonjwa wa siku 14 za mwanzo, katika jaribio lenye usimamizi, na kwa kawaida mshiriki wa jaribio la namna hiyo hatozwi bei ya dawa inayojaribiwa. Wakala wenu anaahidi zaidi ya hapo, kwa jeraha kamili la miezi saba, akidai milioni 38, pasipo kundi la kulinganisha. Madhara nayo si ya kubuni: mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamke kijana aliyetiwa seli za utando wa pua kwenye ugwe nchini Ureno, na miaka minane baadaye akakutwa na uvimbe mgongoni uliokuwa ukitengeneza kamasi. Msiuze hata mnazi mmoja. Nawe, kwa kuwa wazee watakuuliza, waambie kwa upole kwamba kwa jeraha kamili la T4 lililofikisha miezi saba, matumaini ya kutembea tena ni madogo, na hakuna pesa inayoyabadilisha leo. Matumaini ya kujihudumia, kufanya kazi akiwa kwenye kiti mwendo na kuishi miaka mingi ni makubwa, nayo yanategemea kibofu, ngozi na mapafu.

Mdogo wako mwambie kwamba nimemsoma. Wimbi kubwa la zile chembe lilipita katika wiki za mwanzo, akiwa bado wodini, na zile zilizobaki ndani ya kovu hazipandi kwenda kuila mikono yake wala akili yake. Akiona ganzi au udhaifu unapanda juu ya chuchu, au mikono inapoteza nguvu, hilo ni jambo jingine linalohitaji picha ya MRI, kwa sababu wakati mwingine uwazi wenye maji hujitengeneza ndani ya ugwe na kusambaa. Asikae nalo kimya akidhani ni kinga inamla. Na jioni ya leo, kabla hamjalala, mpimeni presha akiwa ametulia, muiandike namba hiyo kwenye kipande cha karatasi pamoja na neno T4, akiweke mfukoni mwa shati.